Sauti ya Mpiga Pasi

Jumatano, saa kumi na moja jioni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, na kwamba mgongo umekuruhusu kurudi kwenye meza yako ya kazi bila ule mto wa kuegemea. Msalimie sana mkazamjomba. Mwambie sweta aliyonifumia naivaa ofisini kila siku, kwa sababu ya kiyoyozi ambacho hakuna anayejua kinazimiwa wapi. Wateja wako wanaendeleaje? Yule mzee wa redio ya mbao bado anakuja kila wiki kuuliza kama imepona, kana kwamba umemlaza hospitali?

Najua unashangaa kupokea barua wakati simu zetu zote mbili zinafanya kazi. Kwa simu ungenitania, tungecheka, na ningekata bila kusema nililokusudia. Nimeshajaribu mara mbili. Jumapili uliponiuliza mbona sauti yangu iko chini, nilikujibu kwamba nina mafua. Sikuwa na mafua, Mjomba.

Kazi yangu unaijua, ila acha nikukumbushe kidogo, kwa sababu kila kitu kimetokea humo. Baraza letu linasikiliza mashauri ya ajali za kazini. Maofisa huwafuata watu waliko, wakawahoji na kuwarekodi. Rekodi ikiletwa, mimi huihamishia kwenye kompyuta, huisikiliza yote, hutia saini kwamba ni nzima, na baada ya saini hiyo kadi ya kinasa sauti hufutwa ili itumike kwingine. Kisha navaa hedifoni na kuandika neno kwa neno. Karani mkuu wetu tunamwita Muhuri, kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka chumbani bila yeye kuigonga. Yeye naye ameniita Bibi Makini tangu wiki yangu ya kwanza, aliponiona napiga rula mstari chini ya tarehe. Anasema mimi ni mtu wa kusoma maelekezo ya kibiriti kabla ya kukiwasha.

Sasa ile programu ya muziki niliyokugusia. Uliniuliza ni muziki gani huo wa kuunganisha waya, nami sikukueleza vizuri. Ukiifungua, unakuta fremu tupu kwenye kioo, kama kabati lililohamwa. Unapanga humo vipande: kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinaufungulia na kuufunga kama koki ya maji. Hakuna kilichoungwa na kingine. Ni wewe uvute waya kwa kipanya, kutoka tundu la kutokea hadi tundu la kuingilia, na waya hizo hazina shaba wala gamba, ni picha tu. Ungecheka. Siku ya kwanza nilipanga vipande tisa, nikavuta waya za kila rangi, nikapata kimya. Saa nzima ya chakula ikaisha nikiangalia kimya hicho. Kesho yake nikakumbuka unavyowafokea wanaojifunza kwako, kwamba wasihangaike mbele, waanzie kwenye spika warudi nyuma. Nilianzia kwenye spika nikarudi nyuma, nikakuta ile koki hakuna kilichoiambia ifunguke. Nikavuta waya moja tu. Mlio ukatoka, mnene, usiokatika, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu. Muhuri alisogeza hedifoni yangu, akatega sikio, akauliza kama siku hizi baraza limeniajiri kusikiliza friji.

Nilijifunza hivyo kila saa ya chakula. Niligundua kwamba anayeanza hapaswi kurundika vipande, viwili vinatosha, ajue kila kitufe kinafanya nini. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu niajiriwe. Kisha nikafika kwenye kipande kinachopokea sauti iliyorekodiwa na kuigeuza kuwa ala. Kinaweza kuivuta, kuirudisha nyuma, kuikatakata, na ukiunga waya ukabonyeza kitufe chekundu, kinarekodi upya juu ya kile kilichomo. Nilihitaji sauti ya kujaribia. Na mimi, Mjomba, ni mtu ninayeshinda na sauti za watu.

Kuna kiwanda kikubwa cha udobi hapa kinachofua mashuka ya hospitali. Asubuhi moja boila lake lilipasuka. Wapiga pasi wawili walikufa palepale na wa tatu akalazwa, mvuke umemchoma kifua na uso. Anayeshtakiwa ni mtunza boila. Yeye anasema asubuhi ile alikwenda kwa msimamizi akamwambia vali imekwama, lazima boila lizimwe, na msimamizi akamjibu kwamba amalize kwanza mashuka ya hospitali. Msimamizi anasema hakuna mtu aliyefika ofisini kwake. Meza ya yule mpiga pasi wa tatu ilitazamana na mlango wa ofisi hiyo. Kwa hiyo, kati ya watu wote duniani, yeye ndiye aliyeweza kujua nani anasema kweli. Alihojiwa kitandani. Rekodi yake ni dakika kumi na moja, na sasa amekwisha kufariki.

Rekodi ilinifikia Jumanne moja, wiki kadhaa zilizopita. Niliisikiliza yote na kutia saini. Nasema niliisikiliza, na hapa naomba unielewe. Nyuma ya yule mama mpiga pasi kulikuwa na mashine ya hospitali inayonguruma kwa noti moja ya chini, na katika dakika za mwisho sauti yake ilishuka kwa uchovu hadi ikaikaribia noti ileile, ikawa inapanda juu yake na kuteleza. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ningeweza kukuonyesha pale inapopasuka na pale inaposhika pumzi. Nilisikia noti, Mjomba. Maneno sikuyasikia. Nilijiambia nitayasikia nikianza kuandika.

Hadi saa ya chakula nilikuwa nimeandika dakika saba. Dakika ya saba inaishia ofisa akimuuliza kama alimwona mtunza boila akiingia kwa msimamizi. Nilisimamisha hapo. Nikafungua programu yangu, nikaingiza faili lilelile kutoka kwenye folda yake, sikutengeneza nakala, nikachagua dakika nne zilizobaki. Nikaunga waya kutoka kwenye chujio kurudi kwenye tundu la kuingilia, nikabonyeza kitufe chekundu. Sauti ikaanza kujizungukia, ikajimeza, ikawa wingu. Ilikuwa nzuri. Sitakuficha hilo, ilikuwa nzuri. Muhuri alipogonga meza kwamba muda umekwisha, nilifunga programu, nayo ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Miaka mitatu nimefundishwa jambo moja katika chumba hiki: hifadhi kabla ya kufunga. Nikabonyeza ndiyo kabla macho hayajamaliza kusoma.

Nilipovaa tena hedifoni ili niendelee, swali la ofisa lilikuwapo. Baada ya swali palikuwa na ule ungurumo. Nilirudia mara nyingi. Nilifungua programu tena nikazungusha kila kitufe kinyume, kama mtu anayetaka kutoa maziwa kwenye chai. Kadi ilikuwa imefutwa asubuhi kwa saini yangu mwenyewe. Nakala za akiba hufanywa Ijumaa. Muhuri akapita akasema Bibi Makini leo amepauka kama karatasi, akanishauri ninywe soda.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kusema. Chumba kina meza nne, mlango wa Mama Mwenyekiti wa baraza uko hatua ishirini kutoka kwangu. Badala yake niliandika. Nilitafuta maneno ambayo hayatamdhuru yeyote, maneno yasiyosema kitu. Niliandika kwamba shahidi alijibu hakumwona mtunza boila akiingia ofisini, kwamba alikuwa ameinamia pasi yake, kisha akaomba maji, na mahojiano yakakomea hapo. Nilidhani “hakumwona” ni neno lisilo na upande. Mtu hajaona, basi. Nilipiga chapa, Muhuri akagonga.

Wiki iliyopita maandishi hayo yalisomwa barazani. Mwanasheria wa kampuni aliyasoma taratibu, akarudia mara mbili kwamba mtu pekee aliyetazamana na mlango hakumwona mshtakiwa, kwa hiyo mshtakiwa ni mwongo, na damu ya wapiga pasi iko juu yake. Mtunza boila alisimama bila kuruhusiwa. Ni mtu mfupi, mikono yake ina makovu hadi kwenye viwiko. Alisema yule mama alimwona, tena alimtania asubuhi ile mlangoni, akamwambia mzee leo umepanda ghorofani kama mwenye hisa. Watu wakacheka. Mwanasheria naye akacheka, akasema marehemu ni rahisi kuwasingizia utani. Ofisa aliyefanya mahojiano akaitwa. Siku ile alikuwa amewahoji watu tisa wodini, na alijibu kwamba yeye hakumbuki jibu moja moja, ila kama liko kwenye karatasi ya baraza, basi ndivyo shahidi alivyosema. Ndipo mtunza boila akaomba rekodi yenyewe ichezwe, na Mama Mwenyekiti akakubali. Itachezwa Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Nilimweleza Muhuri kwamba faili lina hitilafu. Sikumweleza zaidi. Hakushtuka hata kidogo. Akafungua droo, akanipa fomu ya kutangaza kwamba rekodi imeharibika bila kosa la mtumishi yeyote, akasema kompyuta nazo zina ajali zake, nijaze tu, nakala ya chapa itasimama mahali pa rekodi na shauri litaendelea. Aliniambia kwa wema, Mjomba. Akaongeza kwamba mtoto wa watu asipoteze kazi kwa sababu ya kilio cha mashine. Fomu nimeijaza. Nimeitia saini. Iko kwenye trei yake, ataigonga Jumatatu asubuhi kabla baraza halijakaa.

Mtunza boila huja kila siku, ingawa hana haja, akakaa kwenye benchi la nje karibu na mlango wetu. Jana nilipokuwa natoka alisimama kunipisha kana kwamba mimi ni mkubwa wake. Akaniita mwanangu, akauliza kama ni mimi ninayetunza sauti. Nikasema ndiyo. Akanishukuru. Akasema watu hubadilika lakini kile kinasa hakipokei rushwa, na kwamba tangu alipoambiwa kitachezwa ameanza kulala usingizi. Kisha akaniuliza kama nimekula, maana naonekana nimekonda.

Mjomba, nimefika mahali ambapo nimepazunguka tangu ukurasa wa kwanza. Nimekuandikia hapo juu kwamba yule mama amefariki. Sikukuandikia lini. Jumanne ile nilipofuta sauti yake alikuwa hai. Alikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku tisa baadaye. Siku zote tisa alikuwa kitandani akiwa na akili zake, na hospitali iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka mezani kwangu. Ningesema siku ile, ofisa angerudi na kinasa chake, akamuuliza swali lilelile, na angejibu. Nilijua. Siku ya nne nilikwenda hadi wodini. Nilisimama mlangoni nikiwa na daftari, nikamwona, kichwa kimefungwa bendeji, jicho moja wazi. Alinitazama. Akaniuliza kwa ile sauti kama nimetumwa na baraza. Nikamjibu hapana, nimekosea chumba.

Kuna jambo jingine ninaloliwaza kila nikifumba macho. Swali la ofisa lilikuwa fupi, na jibu lilichukua dakika nne. Mtu ambaye hakuona kitu hasemi dakika nne. Alikuwa na mengi ya kusema, na kifua kilichoungua, na aliyasema yote.

Sasa ombi langu. Najijua. Nikingoja hadi Jumatatu nitakaa mezani, Muhuri atagonga, nami nitatazama chini. Kwa hiyo barua hii naipeleka kituoni sasa hivi, dereva wa basi ameahidi itakufikia kesho. Nimeiandika kwa mkono wangu, kila ukurasa una saini yangu na tarehe, ili asiwepo wa kusema si yangu. Tafadhali panda basi la Jumapili uje nayo. Usipite kwangu kwanza. Jumatatu saa mbili uulize ofisi ya Mama Mwenyekiti, ni mlango wa kijani mwisho wa korido, na umkabidhi yeye mwenyewe, si karani, hasa si mimi. Nikikupigia simu kabla ya siku hiyo nikakuambia nimeshalimaliza mwenyewe, au kwamba niliandika nikiwa na homa, au nikilia nikakusihi uichome, usiniamini. Uje tu.

Mama usimwambie bado. Ukimaliza kazi niliyokutuma, utanikuta chumba cha tatu upande wa kushoto, kama nitakuwa bado naruhusiwa kukaa humo.

Wape watoto wote salamu zangu, mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie zile betri sijasahau. Mkazamjomba mwombe anisamehe kwa kukutoa nyumbani na mgongo wako ule. Safari njema, Mjomba, na ukae kiti cha mbele kisichorusha.

Nakuheshimu na nakuogopa,

Mpwa wako, karani