Nafasi ya Mtu Mmoja Chomboni

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Kuna jambo nimelificha tangu kabla hujazaliwa. Linahusu namna nilivyopata nafasi ya ubaharia kwenye kile chombo kilichonivusha bahari. Nilikusudia kufa nalo. Sasa kufa kwenyewe kumekaribia, na jambo lina afya kuliko mimi.

Lakini kwanza salamu. Hujambo? Mama yako anaendeleaje, mkono wake wa kushoto umeanza kushika kijiko? Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu asiyeweza kushuka kitandani mwake bila ruhusa. Muuguzi wetu, tunayemwita Kamanda, amepandisha vyuma pande zote mbili, eti nisianguke. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa jengo jirani. Naujua ukuta huo vizuri kuliko nilivyowahi kuujua uso wa mtu yeyote.

Mama yako alipiga simu juzi. Masikio yangu hayapokei simu tena, kwa hiyo Kamanda akawa ananirudia kila sentensi kwa kelele, wodi nzima ikapata habari zetu. Kumbe wenye chombo kimoja cha tanga wanakwenda ng'ambo, wamekuomba uwe baharia wao, na mama yako amekataa. "KASEMA UMWAMBIE MTOTO," Kamanda akapiga ukelele, "WEWE ULIKWENDA KWA SABABU YA NJAA. YEYE NJAA GANI?"

Nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyoitikia maisha yangu yote. Baadaye nikaona aibu. Nyumbani kwetu hatukuwa na njaa, mpwa wangu. Tulikula tukashiba. Hilo ndilo la kwanza. Mengine yanahitaji nguvu, na leo sina.

Niandikie. Barua naisoma bila msaada wa mtu.

Mjomba wako


12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole na vyuma vya kitanda, na mpe pole Kamanda kwa sauti yake. Mimi mzima. Mama anaendelea vizuri kidogo; kijiko anakishika, ila akiona namtazama anakiachia kianguke. Sijui ananikomoa au anajionea aibu.

Mimi sasa nashonea nyumbani. Mwenye karakana ya maturubai alikubali nihamishe cherehani, maana mama hawezi kubaki peke yake. Iko pale pale sebuleni, karibu na kitanda chake. Kati ya viwili hivyo unapita kiubavu. Nikimaliza pindo namgeuza, nikimgeuza narudi kwenye pindo. Turubai likiwa kubwa linamfunika hadi miguuni, naye anasema, "Nizike basi nikiwa nimekufa." Tunacheka. Halafu hatucheki.

Habari za chombo ni hivi. Nahodha ni mama mmoja aliyekuwa daktari wa meno. Anasema amechoka kuchungulia midomo ya watu. Mumewe ni fundi mitambo, haongei, anatabasamu tu, na lazima niseme ana meno mazuri. Waliniletea tanga lililochanika. Nilipolimaliza, daktari akalivuta, akalikanyaga, akaning'inia nalo kama nyani, halikuachia hata uzi. Akaniambia, "Njoo na sisi. Likichanika tena katikati ya bahari nitalishona na nini, na sindano ya ganzi?" Wanaondoka katikati ya Machi.

Mke wa fundi viatu, jirani yetu, yuko tayari kukaa na mama hadi nirudi. Mama hataki kusikia. Ati chakula chake kitanuka gundi. Nikambana, akasema: "Baharini hawataki wanawake. Mimi najua."

"Mama, nahodha mwenyewe ni mwanamke!"

"Basi subiri, utaona."

Akageuzia uso ukutani. Mjomba, ukuta wetu haueleweki kama wako. Niambie ukweli: watu wanaendea nini huko? Mimi mwenyewe siwezi kueleza. Najua tu kwamba tangu nilipoombwa, hewa ya sebule hii hainitoshi.

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba mama yako anakuangushia vijiko. Mtu mwenye ukaidi hafi upesi.

Unauliza watu wanaendea nini. Nimewahi kusafiri na kinyozi aliyetaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuzungumza naye. Nimesafiri na mjane wa kiume aliyesema kwamba nyumbani kila kitu kilimwuliza mkewe yuko wapi, hadi birika. Kijana mmoja alikwenda kwa sababu alidhani atarudi akiwa mwingine. Alirudi yule yule, ila na ndevu. Wanaokwambia wanafuata uhuru, wacheke kidogo. Chombo cha tanga ni chumba kisicho na mlango wa nje. Upepo ulipotufia, tulikaa pale siku nyingi kama sahani mezani, namsikia mwenzangu akitafuna, na kila akitafuna namchukia upya. Huwezi kutoka ukazunguka mtaa.

Basi kwa nini nilikwenda? Nitakuambia.

Bibi yako hakuweza kugeuka mwenyewe kitandani. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mimi na mama yako tulimhudumia wawili, na kwamba kazi ile ilinishinda moyo. Nilikuwa nasimama koridoni na beseni mkononi, nimeshika kitasa, siingii. Ndani ananiita kwa upole. Ule upole ndio ulionimaliza. Angenitukana ningeweza kuvumilia.

Chomboni kuna zamu. Hicho ndicho nilichokifuata, mpwa wangu. Unashika usukani, macho yanauma, mvua inakuchapa, halafu mwenzako anatokea ngazini anasema, "Nipishe." Unampa usukani na kazi si yako tena. Unalala kama mtoto. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia nipishe. Niliukimbia mtego mmoja nikaingia mwingine, na wa pili niliupenda kwa sababu ulikuwa na kengele ya kubadilishana.

Nilimwachia mama yako zamu isiyo na mwisho. Nilipokuja kurudi, nimesoma, nimekuwa mwalimu, bibi yako alishazikwa na mama yako alishakuwa mtu wa maneno machache. Kwa mtaa mzima mimi ni kaka aliyejitolea kwa ajili ya nyumba. Sikuwahi kuwasahihisha.

Nimesema. Najisikia mwepesi.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama yuko vile vile.

Umejisikia mwepesi. Hongera. Mimi niliposoma nilikaa jikoni hadi chai ikakauka kwenye sufuria. Koridoni na beseni, nimeshika kitasa: mjomba, huyo ni mimi! Ulifikiri unanisimulia habari zako? Ulichoniambia ni kwamba anayeondoka ni mwoga, na anayebaki ni mama. Kwa hiyo nimekwenda kumwambia daktari wa meno siendi. Alinitazama kama anatafuta jino linalouma. "Nafasi yako sijampa mtu," akasema. "Utakapobadili mawazo, njoo hata umevaa kandambili."

Niliporudi nikamwambia mama: nimekataa, furahi. Hakufurahi. Aliniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba hata yeye alikwenda kwa yule nahodha wenu, yule mliyemwita Kobe kwa kuwa alitembea na nyumba yake. Kwamba mlikwenda wawili na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Akawajaribu bandarini siku ya upepo mkali: kukunja tanga, kupanda mlingoti, kuchemsha chai chombo kikiyumba. Mama anasema hakumwaga hata tone. Alivyolisema hilo, mjomba! Uso wake ulikuwa wa msichana.

"Sasa ikawaje?" nikamwuliza.

"Alitaka mwanamume. Nikajua pale pale kwamba nilikuwa najidanganya. Sikuukaribia ufukwe tena. Sitaki wewe wakufikishe mlangoni halafu wakufungie."

Kumbe ananikinga. Miaka yote nadhani ananifunga, kumbe ananikinga.

Mjomba, wewe ulikuwepo. Kobe alisema hivyo kweli?

Mpwa wako


10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mbona kimya? Nilimpigia Kamanda, akasema u hai lakini umeacha kula, na kwamba barua yangu ya mwisho iko chini ya mto wako na humruhusu abadilishe foronya. Kama nilikuudhi, nisamehe. Nilikuwa na hasira, na hapa hasira haina pa kwenda.

Daktari wa meno anang'oa nanga Jumamosi. Hajapata mtu mwingine, nadhani hatafuti.

Jana mama aliniuliza tanga lile nililishona kwa mshono gani. Nikamwonyesha kwenye kipande cha turubai. Akakishika kwa mkono ule mbaya, akavuta. "Ungerudia mara mbili hapa penye kona," akasema. "Upepo unaanzia konani." Sikujua kama anajua. Kisha akanirudishia na kusema, "Basi, haina maana," akaomba nimgeuze.

Nijibu swali langu, mjomba. Hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako


13 Machi

Mpwa wangu,

Hukuniudhi. Nimemwomba Kamanda ashushe chuma cha upande mmoja ili niandike nimeketi, naye amekubali kwa sharti kwamba ninywe uji wote. Nimeunywa. Barua hii anakuletea mwenyewe akitoka zamu, ikufikie kabla ya Jumamosi.

Barua iliyopita nilikwambia nimesema, nikajiita mwepesi. Nilikuwa nimekupa kile kinachosameheka. Kaa karibu na kitanda cha mama yako, zima cherehani, umsomee kwa sauti kuanzia hapa. Yaliyobaki ni yake. Ukimaliza, mwulize tena habari ya Jumamosi.

Mdogo wangu,

Hujambo? Mkono unaumaje?

Mwanao ananiuliza Kobe alisema nini. Unakumbuka asubuhi ile. Mimi niliingia chumba cha nyuma, wewe ulikuwa umeinama juu ya mama, shuka jipya begani. Ukaniuliza kwa macho tu. Nikakwambia: anataka mwanamume. Ulimalizia kutandika kwanza. Ukapapasa shuka mpaka likanyooka kabisa, halafu ukasema, "Basi nenda wewe. Angalau mmoja wetu." Ukanitafutia koti. Kifungo kimoja kilikuwa kimelegea, ukakaa ukakikaza, na hukuniangalia hadi ulipokata uzi.

Nimekuwa nikijiambia kwamba ungebaki tu, kwamba usingeweza kumwacha mama. Huenda. Lakini hukuulizwa. Mimi ndiye niliyeulizwa, mlangoni, muda mfupi kabla ya hapo, wewe ukiwa ndani unamtania mama kwamba amekuwa mzito kama mlango wa ghala, naye anacheka. Kobe alisikia kicheko chenu akatabasamu. Alikuwa amevaa viatu vile nilivyovitapikia bandarini siku ya majaribio, amevisafisha. Hakuwa amekuja kuniona mimi. Alisema, "Mwambie dada yako kazi ni yake, tunang'oa nanga kesho." Nikatoka nje, nikauvuta mlango nyuma yangu usije ukasikia, nikamwambia umeghairi.

Kaka yako