Minji Zinazoliwa na Ganda

Jumamosi, 17 Mei 2025

Nimepanda snow peas leo, zile njegere za kula na ganda, mistari miwili nyuma ya tangi la maji. Hatimaye! Mbegu zimekunjamana kama visigino vyangu wakati wa baridi. Kang'ethe kauliza kama hizo ndizo minji za wazungu. Nikamwambia ni za mke wako, shika jembe. Kashika — kwa dakika mbili hivi.

Nataka kumpikia Mami kitu ambacho hajawahi kupikiwa na mtu. Mami ni mama yake Kang'ethe. Jina lake Idah, ila nikiliandika najihisi nimekosa adabu, hata humu daftarini ambamo hakuna anayesoma. Tangu tuoane hajala kwangu. Hata chai! Anatoka Kalimoni na themosi yake na nduma mbili mfukoni, anakaa kwa kiti changu hapa Theta, anasema, "Mimi nimeshiba, asante." Wifi yangu Emmah ndiye aliyenipasulia: kuna shangazi yao alimwambia Mami kwamba Mkamba akikupikia, unasahau njia ya kurudi kwako. Yaani mimi, Mutheu, na dawa! Ningekuwa nayo, Kang'ethe angekuwa anaokota soksi zake.

Lakini inaniuma. Niseme ukweli, inaniuma sana.

Jumapili, 29 Juni

Ukungu mpaka mlangoni. Zimetoa maua! Meupe, mepesi, ukipumua karibu yanatikisika. Nilisimama huko na kikombe hadi chai ikapoa. Zinapanda nyuzi kwa vile vidole vyao vyembamba na hakuna anayeziona zikisonga. Ukigeuka tu, ziko juu. Nikaota macho wazi — Mami mezani, ananisimulia utoto wa Kang'ethe, anasukuma sahani nimwongezee. Nikawa natabasamu peke yangu. Jirani, Naliaka, akauliza kutoka upande wa pili wa ua kama niko sawa.

Tulichelewa kanisani.

Jumanne, 15 Julai

Mami kanikuta navuna. "Aĩ! Unavuna minji ikiwa bado mtoto? Haina kitu ndani!" Nikamweleza kwamba hizi huliwa na ganda lake, kabla hazijanenepa. Akasema ganda ni la ng'ombe. Halafu: nimeshiba, asante. Akaenda zake.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekasirika! Asubuhi nilivuna beseni zima, nikaliacha mezani, nikaenda Ruiru kujaza gesi. Kurudi, nikamkuta Mami jikoni. Ameziambua zote. ZOTE! Vipunje vya kujaza kikombe, vidogo hata havishikiki, na maganda — maganda yangu! — amempa mbuzi wa Naliaka. Yule mbuzi alikuwa akitafuna huku akiniangalia. "Nimekusaidia," Mami akasema. "Lakini si nilikuambia hazijakomaa?"

Nikasema asante. Nikajifungia bafuni nikalia, halafu kicheko kikanishika, nikashindwa kukizuia.

Sasa nimelala chali, naangalia dari. Kucha zake zilikuwa za kijani. Mtu anayeogopa chakula changu alikaa jikoni mwangu asubuhi yote, mikono ndani ya beseni langu. Nalizungusha jambo hilo kichwani, nalirudia. Sijui kama ni la kufurahia au najidanganya.

Jumamosi, 19 Julai

Zimezaa tena, kiasi cha sufuria moja. Kang'ethe kamleta mama yake mchana. Safari hii nikamwomba Mami akae jikoni nami, aone kila kitu. Nikavuta ule uzi ulio pembeni mwa ganda. Akatazama. Akachukua moja akavuta wake, halafu mwingine, akazimaliza bila kuambiwa. Mafuta, kitunguu saumu, tangawizi, karoti. Nikaepua upesi, zikiwa bado kijani kibichi.

"Hazijaiva."

"Zimeiva, Mami."

"Haya. Ni zako."

Kang'ethe akaombea chakula — maombi marefu sana, muoga huyo! Nikafumbua macho kabla ya amina. Mami alikuwa amefumbua yake pia, anaangalia sahani.

Nikala mimi kwanza, ganda zima, ili aone. Kang'ethe akajaza wali mdomoni. Mami akashika uma. Akauweka. Nikashindwa kumtazama, nikatazama dirisha, na ile bustani ikaonekana mbali, kama ya watu wengine. Kisha nikasikia ganda likivunjika kati ya meno, na hayakuwa meno yangu.

"Hii haina chumvi," akasema.

Nimekimbia jikoni kuileta. Naandika nikiwa kwenye stuli, kopo la chumvi liko magotini, na siwezi kurudi bado, macho yamejaa. Anaita.

"Mutheu! Kwani chumvi mnaendea Thika?"