Nilimdanganya Binti Yangu Kwenye Kaseti

Mpendwa mshauri, nakusalimia kutoka Machakos, naomba unisaidie lakini usinicheke. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, shule niliacha darasa la pili lakini kwa kesi ya shamba hakuna mtu hapa ananishinda, na binti yangu Kavutha nimemsomesha mimi mwenyewe kwa kuchimba mawe Lukenya mpaka sasa anafundisha yunivasiti, anachunguza mila, vile makabila yanaamua nani ni mume na nani ni mke. Mwaka jana alikuja na redio ya kurekodi akaniuliza, "Baba, hapa kwetu kulikuwa na mwanamke ameoa mwanamke?" nikamwambia hiyo ni mambo ya watu wa mbali, baba yangu ni Ndunda, aliua chui na panga moja. Mshauri, hakuna Ndunda. Mama yangu alikuwa iweto, aliolewa na mama mzee ambaye hakuzaa, akamtolea ng'ombe ili boma lake lipate watoto, na huyo mama mzee ndiye alinilea, akanigawia shamba, hata mbuzi za kuoa mke wangu alitoa yeye. Sasa Kavutha ameandika kwa kitabu chake ati huku kwa lokesheni yetu hiyo mila haikuwako, na Jumamosi anamhoji Muindi, rika yangu, ambaye anajua yote na kila siku ananiambia, "Ndunda gani? Ama chui ndiye alimkula?" Mimi ni mzee wa kanisa, nikisema nitaitwa mtoto wa mwanamke. Nimkataze Muindi?

Mzee Anayejulikana, Machakos

JIBU: Pole, mzee wangu, umebeba siri hii muda mrefu. Lakini umekosea, na sitakubembeleza. Umempa binti yako uongo, naye ameuandika kwa jina lake. Wakubwa wake wakigundua, atakayeharibikiwa kazi ni yeye, si wewe. Unaogopa kuitwa mtoto wa mwanamke? Sote ni watoto wa wanawake. Ndoa hiyo ilifungwa mchana mbele ya wazee, hakuna aliyeiba.

Muindi mwache. Mpigie Kavutha simu kabla ya Jumamosi, aje na kaseti mpya, umwambie mwenyewe. Ukitaka, aliache jina lako nje ya kitabu, wenye kazi hiyo hufanya hivyo. Ukweli asiuache. Na barua yako nimeisoma mara mbili: Ndunda ambaye hakuwako umemtaja kwa jina, aliyekulea umemwita mama mzee tu. Alikuwa anaitwa nani? Anza hapo.