Wanafunzi Wangu Wanajua Kofia ya Baba Kuliko Kiingereza

14 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Mellen,

Nakuandikia kwa haya, na ukinicheka sitakasirika, maana hata mimi nimecheka kidogo. Ninasomea ualimu wa Kiingereza wa shule za upili, nimebakiza mazoezi ya kufundisha tu ndipo nihitimu na kuomba kusajiliwa, nikapelekwa shule moja ya wasichana upande wa Ntimaru, mbali na kwetu Karungu kando ya ziwa, na wiki ijayo mhadhiri anakuja kuketi nyuma ya darasa langu na kalamu yake. Shida ni kwamba baba yangu, aliyekuwa fundi wa baiskeli, alifariki mwezi wa Machi, na naibu wa mwalimu mkuu akawaambia wanafunzi wanionee huruma, basi siku ya kwanza katika Kidato cha Pili, msichana anayeitwa Bhoke akainua mkono, "Pole kwa msiba, Madam. Mzee alikuwa mtu wa aina gani?" Nami nikaeleza vile alivyokohoa kwa nguvu kila alipofika mlangoni kwake mwenyewe, ili tupate nafasi ya kumaliza kumsengenya, na chai yake ya bakuli, na kofia aliyolala nayo hadi mama akatishia kuifanya dekio, na kabla sijaandika neno ubaoni kengele ikalia.

Imekuwa hivyo karibu kila kipindi. Halafu Ijumaa nikapita nje ya dirisha lao nikawasikia.

"Bhoke, leo ni zamu yako. Muulize kuhusu kofia."

"Kofia tulimaliza juzi, wewe! Nitamuuliza kama mzee alijua kuogelea."

"Hapana! Hilo la ziwa ni refu, tuliweke hadi siku ya jaribio."

Shangazi, wana zamu! Ningepaswa kukasirika, lakini nyumbani hakuna anayemtaja baba tena, mama hubadilisha mazungumzo, ndugu zangu waligawana spana zake wakanyamaza, na ni hawa watundu tu wanaoniuliza. Nikiwakataza nitakosa pa kumsema, nisipowakataza mhadhiri ataniangusha na miaka yote hii ya kusoma iende bure. Nifanye nini?

Tafadhali unikumbuke katika maombi yako wiki hiyo.

Joyline, Ntimaru

SHANGAZI MELLEN ANAJIBU:

Joyline, pole sana mwanangu. Nimekucheka, kisha nikaisoma tena ile sehemu ya spana nikaweka barua chini kidogo.

Sasa nikugombeze. Umezungukwa na wasichana wa Kidato cha Pili na hujawashtukia mpaka upite dirishani? Hao wamekufundisha wewe. Wamepanga maswali, wakagawana kazi, wakaweka akiba ya siku ngumu. Ni werevu na ninawapenda, lakini mtihani wa taifa hautauliza chochote kuhusu kofia ya baba yako.

Usiwakataze. Kesho ingia darasani utabasamu, uwaambie wazi kwamba umejua habari za zamu. Waone haya dakika moja, inatosha. Kisha weka sheria: kazi kwanza, na mwisho wa kipindi swali moja tu kuhusu Mzee, kwa Kiingereza, nawe ujibu kwa Kiingereza. Anayetaka kofia aifuate huko. Utashangaa jinsi ulimi unavyofunguka mtu akitaka umbea.

Siku ya mhadhiri, wafundishe kuandika insha ya kueleza mtu alivyo. Anza na baba yako na kikohozi chake mlangoni, sentensi chache, ukome. Najua utatamani kuendelea. Koma! Halafu mwambie Bhoke aeleze habari za mtu wa kwao, naye ajibu maswali ya wenzake. Umekuwa ukiulizwa tu, binti. Hao nao wana watu wao, na huenda nao nyumbani hakuna anayewauliza. Hiyo ndiyo kazi unayoiomba.

Na ukienda Karungu likizo, mimina chai ya mama kwenye lile bakuli. Usiseme kitu. Mwache aanze mwenyewe. Akibadilisha mazungumzo, mwachie, umimine tena kesho yake.

Ukishasajiliwa, unikumbuke na mimi. Nitumie mistari miwili tu, maana nimekaa na swali hili tangu asubuhi na sina zamu katika darasa lako: mzee alijua kuogelea?