Baiskeli ya Bakari Haipo Kivukoni

Likoni, Alhamisi, 4 Novemba 1943

Ningalimwambia pale pale mlangoni. Sasa nitaanzia wapi?

Amri ya mudiri, mkuu wa serikali hapa kwetu, ni kwamba baiskeli iliyolala kivukoni siku mbili ihesabiwe imetupwa. Leo asubuhi askari Mwinyi ameleta moja ofisini. "Karani, andika. Hii imepambwa kama bibi harusi!"

Tandiko lilikuwa limevikwa kipande cha kanga. Nilikijua kabla ya kusoma nambari. Ni baiskeli ya mdogo wangu Bakari, aliyeiacha Jumatatu akavuka kwenda kupakua meli bandarini, na hajarudi.

Nikaandika: mwenyewe hajulikani. Sijui ni kwa mazoea au kwa hofu. Nikaifungia stoo.

Bandarini nimeuliza mara mbili. Hakuna anayenijibu, wananipa mgongo.

Jioni mkewe, Zuhura, amekuja mbio hadi mlangoni kwangu. Tangu juzi anakwenda kivukoni kutazama kama baiskeli bado ipo.

"Shemeji, haipo! Amekuja kuichukua, wallahi. Atakuwa amepitia kwa rafiki zake. Ukimwona, mwambie nimemkasirikia!"

Nikasema, "Inshallah." Basi.

Naogopa kumwambia, na naogopa zaidi kesho, mbiu ya baiskeli zilizotupwa itakapopigwa barazani na nambari kusomwa mbele ya watu wote. Lazima asikie kwangu kwanza. Nilikwisha kusimama niende, na—

Nilikatizwa hapo: Zuhura alipiga hodi. Ameniletea sahani ya wali wa nazi. Ya Bakari, asema, ameifunika nyumbani.