Lavema ya jipu

Alunguli, Kindu, Jumanne. Mvua imetupiga tangu alfajiri, kisha jua likatoka kwa ghafla, na sasa matope ya barabarani yanatoa mvuke. Nimekaa barazani na simu yangu. Miguu michafu, moyo mchafu zaidi.

Leo sitajifanya mtu mwema. Ninamdharau shemeji yangu Aniseti, mdogo wa marehemu mume wangu. Ninaandika hapa kwa sababu nikisema kwa sauti, Mama atasikia. Mama ni mama mkwe wangu. Chumba chake kiko nyuma ya ukuta huu, na masikio yake ni mazima kuliko macho yake.

Aniseti alikuja kutoka Lubumbashi kwa matanga ya kaka yake. Matanga yakaisha, viti vya kukodi vikarudishwa, yeye bado yupo. Kabla hata sijavua nguo za msiba alichukua ufunguo wa jipu, lile gari la mume wangu, akasema mjane nyuma ya usukani si picha nzuri, watu watasema familia imemtupa. Nikamwachia, maana niliogopa kuitwa mjane mwenye kiburi. Lakini jipu ndilo linalotulisha. Linabeba wamama wa soko na magunia yao ya mchele kutoka kwenye baki, kivuko chetu cha mto Lualaba, na siku nyingine linafika hadi njia ya Kalima. Likifa, mimi na Mama tutakula maneno ya Aniseti.

Na anayo mengi.

Katika mizigo yake mlikuwa na katoni ya makopo ya dawa ya kusafisha injini. Anaiita lavema ya moteri. Mliolelewa hapa lavema mnaijua: mtoto akikohoa, lavema, akikataa kula, lavema. Bibi anachukua kile kipira chenye mdomo, maji ya majani yanasukumwa nyuma, na mtoto anakimbilia chooni akilia. Aniseti alilelewa hivyo, na ameamua kwamba jipu la kaka yake nalo lina tumbo.

Mimi nilifundisha darasa la tano miaka mingi, nasoma hata karatasi iliyofungia karanga. Kopo nililisoma. Kifaransa chake ni chepesi: kopo moja kwa tanki lililojaa, kisha usubiri maelfu ya kilomita kabla ya kurudia. Aniseti alishika neno moja tu, kujaza. Sasa nani hapa Kindu anajaza tanki? Mazutu, yaani dizeli, tunayanunua pembeni ya barabara kwa bidoni, dumu la lita tano, tena siku ambayo biashara imekwenda vizuri. Kwa Aniseti kila bidoni ni kujaza, kwa hiyo kila bidoni inapata kopo lake zima. Dawa ya tanki zima ndani ya lita tano! Na kilomita je? Mshale wa kilomita wa jipu letu ulisimama wakati wa vita na haujasogea tena. Nilipomuuliza anahesabu vipi, alinijibu kwamba kilomita hazitembei, basi hakuna cha kusubiri.

Nimeandika alivyosema. Sijaongeza chumvi.

Jipu likaanza kutoa moshi mweupe, yeye akafurahi. Likaanza kukohoa kwenye kilima, akafurahi zaidi na kuongeza kopo jingine. Nilimwonyesha maandishi, akayatazama akiwa amelishika kopo kichwa chini, kisha akaniambia kwa upole mwingi kwamba mambo ya moteri ni ya wanaume. Wakati fulani nilidhani anaua gari kwa makusudi ili aliuze kama vyuma chakavu akale pesa zake. Laiti ingekuwa hivyo. Angekuwa mwizi, ningemheshimu kidogo.

Jipu hili lilipita vitani. Miaka ile treni haikuja, barabara zilifungwa, na mazutu yalishuka kwa ndege ndani ya mapipa, yakapita mikono mingi, na kila mkono uliongeza kitu: maji, mchanga, hata mawese. Mume wangu, mtu wa reli asiye na reli, alifungua pompi ya mazutu akaizika ndani ya pipa la unga wa muhogo, ili wenye bunduki wakija wakute gari lisilowaka. Walikuja, wakalipiga mateke, wakaondoka. Siku Mama aliposhikwa na homa mbaya, pompi ilitoka kwenye unga ikarudi mahali pake, tukamkimbiza hospitali. Mama alikuwa amekuja tu kututembelea, vita vikakata reli, akabaki nasi mpaka leo.

Mazutu yale tuliyaacha yatulie mpaka maji yakae chini. Kisha tuliyachuja kwa bitana ya gauni langu la harusi, niliyoikata mimi mwenyewe kwa mkasi na kuikunja mara mbili. Mimi nilishika kitambaa juu ya mdomo wa tanki, mume wangu alimwaga polepole. Kitambaani ulibaki mchanga na kutu. Injini haikuonja dawa hata tone, na haikutuangusha. Ndiyo miaka aliyonifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa stesheni uliokuwa umeota majani. Mara nyingi mazutu hayakuwepo, basi majirani walisukuma, na mimi nikakata kona na injini iliyozimwa.

Kwa hiyo ukiniuliza dawa ya kusafisha injini itumike mara ngapi, nitakujibu: mara chache sana, kwa kipimo cha kopo, kwenye gari lenye chujio zima. Kama mafuta unayotia ni safi, huenda ukaisahau kabatini. Ukiona gari linaihitaji kila wiki, basi lina ugonjwa mwingine, au lina Aniseti.

Leo asubuhi tulivuka kumpeleka Mama kwa daktari wa macho. Wakati wa kurudi Mama alikaa mbele, mimi nyuma na wamama wawili na magunia yao. Baki lilifika upande wetu, Aniseti akawasha, jipu likatoka, likaanza kupanda mwinuko wa matope. Katikati likakohoa, likazima. Breki za jipu bila injini ni za kuombea. Tukaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea majini. Niliona mikono ya Mama ikitafuta kitu cha kushika mbele yake. Hapigi kelele, mama yule, wala haoni vizuri, lakini alijua kabisa tunakokwenda.

Wafanyakazi wa baki walitupa gogo chini ya gurudumu. Tukasimama. Nikashuka, nikaenda dirishani kwa Mama.

Aniseti alishuka, akafungua boneti, akautazama moshi kama mtu aliyeletewa zawadi. Mbele ya wote akaniambia:

"Shemeji, hii moshi njo uchafu inatoka. Iko alama ya muzuri."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mungu anajua nilichotaka kusema. Lakini Mama alitangulia, kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuza kichwa.

"Aniseti. Kaka yako alinibebaka mu hii gari wakati ya vita, na hata siku moja haikuzimikaka. Patia muke yake ufunguo."

Alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa wazee. Mama alinyoosha mkono, kiganja juu, akaacha mkono palepale. Wamama wa mchele walitazama. Watu wa baki walitazama. Mwishowe aliuweka ufunguo kiganjani, na Mama akanipitishia dirishani.

Tulisukumwa mpaka nyumbani. Fundi alipofungua chujio lilitoka tope jeusi, na mazutu ya tankini yalinuka kama rangi ya mlango. Alisema dawa iliyozidi imebandua kutu ya miaka yote kwa mpigo mmoja, tena imeondoa ule utelezi unaoilinda pompi. Pompi bado inapumua, akasema, lakini msirudie. Alimwaga yote, akafunga chujio jipya.

Nilinunua bidoni mpya, nikaiacha itulie mpaka alasiri. Kisha nikatoa bitana sandukuni. Imegeuka rangi ya chai na bado inanuka mazutu ya wakati ule. Sikuweza kuishika na kumwaga peke yangu, basi nilimwita Aniseti.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Mikono miwili."

Nikamwaga mimi. Sikujua kwamba bidoni ni nzito hivi. Mume wangu hakuwahi kulalamika. Nilisimama mahali pake na machozi yakanijia, nikayaacha, kwa kuwa Aniseti alikuwa anatazama vidole vyake visilowe.

Jipu liliwaka kwa kusitasita. Moshi mweupe, kisha mwembamba, kisha hakuna. Aniseti akajifuta mikono kwenye suruali.

"Umeona, shemeji? Lavema njo ilisaidia."

Kuna watu ukiwajibu unawaongezea umri wa ujinga.

Makopo yaliyobaki nimeyafungia kabatini. Ufunguo wa jipu nimeufunga kwenye fundo la kitenge changu, hapa kiunoni. Mama ameniuliza kupitia ukutani kama kesho tunakwenda kwenye baki, nikasema ndiyo, akasema basi atakaa mbele tena.

Kesho mjane atakuwa nyuma ya usukani. Asiyependa picha hiyo aangalie mto.