Uliyeinywesha Pikapu Maji ya Mchele

Mama Somoe wangu,

Huko uliko hakuna milima, kwa hiyo jinyooshe unisikilize. Jana nilipanda Newala kuja kulisafisha kaburi lako, na pikapu yetu ikachemsha palepale kwenye kona za mlima. Nikazima, nikakaa juu ya jiwe. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ukiwa wa moto. Hilo nilifundishwa na ngozi ya mkono, maana shule na mimi tuliachana mapema. Nikakukumbuka, nikacheka peke yangu hadi wapita njia wakanionea huruma.

Ninyi watu wa huko juu maji hamyamwagi hata yakishaoga watu wawili. Siku moja nilikuomba dumu la maji ya gari, ukanipa uliyooshea mchele, meupe kama tui.

"Mbona hivi?"

"Kwani gari inabagua? Ya kunywa ni ya watu."

Nikamimina. Kufika Chiungutwa mshale wa joto umesimama wima, mvuke unanukia uji. Fundi alipofungua rejeta akachungulia, akaniuliza, "Mzee, sukari iko wapi?" Nawe kwenye kiti hukugeuka hata shingo: "Mwambie aonje kwanza."

Tangu hapo rejeta haikupona. Tukawa tunapanda na hita imewashwa, vioo chini, ili joto la injini litutokee sisi. Ulikuwa ukijifuta jasho kwa ncha ya kanga, ukinung'unika: "Unanichemsha mimi ili yeye apoe. Hebu niambie, mke mkubwa hapa ni nani?" Nikakaza usukani. Mwanamume mwenye akili hajibu swali kama hilo akiwa kwenye kona.

Jana hita niliiwasha nikiwa peke yangu. Kwenye kiti chako nilifunga dumu la maji kwa mkanda.

Nimechoka, Mama Somoe. Kulenti, yale maji ya dawa ya kupoza injini, nikiweka asubuhi, jioni imeshakuwa ya ardhi. Fundi anasema kichwa cha injini kimepinda. Somoe amepata mtu wa chuma chakavu, anakuja Ijumaa kuichukua pikapu. Sikubishana naye; nguvu za kubisha nilizimalizia kwako. Bodaboda mgongo unaikataa. Kwa hiyo jana ndiyo mara yangu ya mwisho kujileta mwenyewe. Nyingine nitangoja mwanao apate nafasi, na mwanao unamjua, amekurithi wewe: kila siku ana shughuli.

Nilifika. Nikang'oa magugu, nikakusomea Fatiha yangu ileile ya kujikwaa, ile uliyokuwa ukiisahihisha kwa kukohoa. Hakuna aliyekohoa. Nikakaa, nikijiambia nasubiri injini ipoe, ndipo niteremke. Ikaadhiniwa alasiri. Nikaenda kuishika boneti: baridi kabisa.

Nikarudi kwako, nikakaa tena.

Kaa salama, mwanamke wewe.

Mumeo asiyejua kuaga,
Baba Somoe